Shajara ya mradi: kupima mwanga usioonekana unaovuja kwenye leza za kijani za mkononi

Naandika hapa kila nikimaliza hatua, ili mwenye leza kama hizi nyumbani aweze kurudia mwenyewe na asipoteze mda pale nilipopoteza mimi. Gharama nazitaja kwa vitu vilivyoharibika na masaa yaliyokwenda.

Tar 2 Machi: kilichonianzisha

Nina leza tatu za kijani za kushika mkononi, natumia kuonyeshea nyota usiku. Humu nitaziita A, B na C. C imefifia siku nyingi, ukiimulika ukutani mchana unaitafuta nukta. Wiki iliyopita mpwa wangu kaichukua, kabonyeza, kaniambia anko hii betri imekwisha, alafu akaanza kuigeuza ili achungulie kwenye tundu aone kama kuna mwanga wowote uliobaki. Nikamshika mkono kabla haijafika usoni. Yeye alikuwa anafikiri kama watu wote tunavyofikiri, kwamba mwanga hafifu hauna madhara, na mimi nilishindwa kumweleza vizuri kwanini nimeruka vile. Ndio maana nimeanza huu mradi.

Iko hivi. Leza ya kijani ya aina hii haitengenezi kijani moja kwa moja. Ndani kuna daiodi ndogo inatoa mwanga wa infraredi, yaani ule jicho halioni, wa nanomita 808 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), huo unapiga fuwele ya vanadeti yenye neodimi, fuwele inatoa infraredi nyingine ya 1064, alafu fuwele ya pili inayoitwa KTP inachukua chembe mbili za 1064 inazigeuza kuwa moja ya 532, hiyo ndo kijani tunachokiona. Kila hatua ina hasara yake, kwahiyo ndani ya kale kabomba kuna infraredi nyingi zaidi ya kijani. Mtengenezaji anatakiwa aweke kipande cha kioo mbele kinachozuia infraredi na kupitisha kijani. Kwenye leza za bei ya chini hicho kipande mara nyingi ndo kinachoachwa, maana mnunuzi hawezi kuona kama hakipo.

Na jicho halina ulinzi hapo. Mwanga wote kuanzia nanomita 400 mpaka 1400 unapita mbele ya jicho vizuri tu na lenzi inaukusanya kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, nguvu ikijikusanya pale mara laki moja hivi kuliko ilivyokuwa inaingia. Kwa kijani kikali unapepesa au unageuza kichwa ndani ya robo sekunde, huo ndo ulinzi wako. Kwa 1064 huoni kitu. Kwa 808 ikiwa na nguvu unaweza kuona wekundu hafifu sana, kama kaa linalozimika, na jicho linaona hapa pametulia, linaendelea kuangalia. Retina yenyewe haina hisia ya maumivu.

Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walikuta leza ya kijani iliyofifia hivi hivi inatoa infraredi ya karibu miliwati 20, na wakaeleza njia ya kuigundua nyumbani kwa kutumia CD na kamera. Mwaka 2013 taasisi hiyo hiyo ikatoa matokeo ya kupima leza 122 za mkononi, na karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikutimiza masharti ya usalama. Kipimo changu kinafuata njia ile ya CD.

Tar 3 Machi: sanduku

Hatua ya kawaida, nafupisha. Katoni la viatu, ndani nimebandika karatasi nyeusi isiyong'aa. Upande mmoja leza imebanwa na klipu, mbele yake karatasi nyeupe gumu yenye tundu dogo, sentimita 10 mbele ya karatasi kuna CD imesimama, upande unaong'aa unaitazama leza. Mwanga unapita tunduni, unagonga CD, unarudi kwenye karatasi ukiwa umegawanyika kwa rangi. Ile mistari midogo ya CD ndo inafanya kazi ya kugawanya.

Masharti niliyojiwekea: leza haiwashwi mpaka kifuniko kimefungwa, naangalia kwa kamera tu, saa na pete navua, taa ya chumba inawaka mda wote ili mboni zisipanuke, na mtoto hayupo chumbani. Kuwasha nimetumia klipu ya nguo kwenye kitufe na waya wa betri umetolewa nje, kwahiyo nawasha kwa kugusanisha waya nikiwa nyuma ya sanduku.

Masaa 2. Hakuna kilichoharibika.

Tar 5 Machi: nimepoteza siku nzima kwa sababu ya DVD

Nilikosa CD nikatumia DVD, nikaona zinafanana. Nimepima leza zote tatu, nikaona nukta mbili za kijani mbali kidogo, kulia na kushoto, hamna kitu kingine. Nikaandika kwenye daftari leza zote safi. Usiku nikiwa nimelala bado inanisumbua, C imefifia vile inakuwaje safi, nikaamka nikapiga hesabu ambayo ningepiga mwanzo.

Mistari ya CD imeachana nanomita 1600. Ya DVD imeachana 740 tu. Mwanga ukigonga wima, sine ya pembe unayorudi nayo ni urefu wa wimbi gawanya kwa umbali wa mistari. Kijani kwenye DVD ni 532 kwa 740, sawa na 0.72, pembe ipo, nyuzi 46. Lakini 808 kwa 740 inazidi moja, na hamna pembe yenye sine inayozidi moja. Maana yake kwenye DVD infraredi haiwezi kabisa kutokea pembeni, hata ingekuwa nyingi kiasi gani, inarudi yote katikati pamoja na mwanga mkuu. Ningesimamia yale majibu ningempa mpwa wangu leza mkononi nikimwambia ni salama.

Kwa CD na umbali wa sentimita 10 namba ni hizi, na hizi ndo za kunakili: kijani kinaangukia sentimita 3.5 kutoka tunduni, 808 inaangukia 5.8, 1064 inaangukia 8.9. Nimechora mistari mitatu kwa penseli kwenye karatasi pande zote mbili.

Kitu kingine, mwanga upige CD upande wa pembeni, kama saa tatu kwenye saa ya ukutani, hapo nukta zitapangana kulia na kushoto. Nilipiga juu zikapangana juu chini zikatoka nje ya karatasi.

Tar 8 Machi: kamera

Kamera ya nyuma ya simu haifai. Ina kichujio cha infraredi kizuri sana. Jaribu na rimoti ya tivii, ile taa ya mbele inatoa nanomita 940 hivi, bonyeza kitufe huku unaangalia kwenye skrini ya simu, kwangu kamera ya nyuma haikuonyesha kitu na ya mbele ikaonyesha zambarau hafifu. Nikajaribu ya mbele kwenye sanduku, nikaona kama kuna kivuli pale 5.8 kwa leza C lakini ningeapa? Hapana.

Kwahiyo nikachukua kamera ya zamani ya kompyuta, ile ya kuchomeka kwa USB, nikafungua lenzi kwa kuizungusha. Nyuma ya lenzi kuna kakipande ka kioo ukikageuzageuza kanametameta pinki na samawati, hako ndo kichujio. Nikakatia kisu kukang'oa. Kakapasuka, vipande vikaangukia kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, nilipojaribu kuvifuta vikaikwaruza, picha ikawa na mistari myeusi katikati. Kamera imekwenda.

Kamera ya pili nilienda taratibu. Nilipasha lenzi moto kwa draya ya nywele kama dakika 3 gundi ikalegea, kwa kibano chenye ncha nyembamba nikainua ukingo mmoja, kioo kikatoka kizima. Sensa ilikuwa nimeifunika na selotepu mda wote. Nikakihifadhi kile kioo kwenye karatasi laini, na nashukuru nilikihifadhi, utaona mbele kwanini. Ukirudisha lenzi picha itakuwa na ukungu kwa sababu unene wa kioo umetoka njiani, izungushe kidogo kidogo mpaka iwe kali tena.

Gharama: kamera 1 imekufa, kichujio 1 kimepasuka, masaa 4.

Tar 9 Machi: majibu ya kwanza ya kweli

A: nukta kali ya kijani kwenye 3.5, na kwenye 5.8 kuna kidoa kidogo sana.

B: kijani kikali, kwenye 5.8 doa linaonekana wazi, pana kuliko la kijani.

C: kijani hafifu, na kwenye 5.8 doa jeupe kubwa limefunika mpaka mstari wa penseli. Kwa macho, sanduku likiwa limefunguliwa na leza imezimwa, hapo pana karatasi nyeupe tu. Nikapiga picha kwa simu ya kawaida na nyingine kwa kamera iliyotolewa kichujio, nikaziweka pamoja, kwenye ya simu hamna kitu pale. Nilikaa naangalia hizo picha mbili mda mrefu. Ile leza aliyotaka kuichungulia mtoto ndo mbaya kuliko zote tatu.

Sasa doa la 8.9 limenichanganya. Leza zote tatu zina doa hapo, hata A, nikaogopa nikadhani zote zinamwaga 1064. Kumbe kijani chenyewe kina nukta ya pili, mara mbili ya hatua, na mara mbili ya 532 ni 1064 kamili. Zinaangukia mahali pale pale bila tofauti hata ya nywele. Ukiona doa kwenye 8.9 bado hujajua chochote mpaka uzuie kijani.

Tar 12 Machi: kuzuia kijani bila kuzuia infraredi

Filamu ya kamera za zamani, ile ncha nyeusi iliyopigwa mwanga alafu ikasafishwa, inazuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi. Kipande cha kwanza nilichopata kilikuwa cha filamu ya picha nyeusi na nyeupe, nikakiweka mbele ya kamera, giza tupu, hata rimoti haionekani. Weusi wake ni chembe za fedha na fedha inazuia kila kitu. Inatakiwa filamu ya rangi, weusi wake ni wa dai tu, yaani rangi ya kemikali, na dai hiyo infraredi inaipita. Nilipobadilisha, rimoti ikawaka kama taa.

Nikaweka vipande viwili vya filamu ya rangi juu ya lenzi. Nukta ya 3.5 imepotea kwa zote, hiyo ndo dalili kwamba kijani kimezuiwa kweli. Kwenye A doa la 8.9 limepotea nalo, kwahiyo lilikuwa la kijani. Kwenye B limebaki kwa mbali. Kwenye C limebaki. Na hapa usidanganywe na udogo wake kwenye picha, sensa za silikoni zinakaribia mwisho wa uwezo wake pale 1064, zinaona sehemu ndogo tu ya kilichopo.

Tar 16 Machi: kutafuta miliwati

Picha zinaonyesha ipo, ila haziniambii kiasi. Nikachukua fotodaiodi ya BPW34, ni kitu kidogo cha kawaida kwenye elektroniki kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na multimita ya kupimia huo umeme.

Kosa: nilipima volti. A ikasoma 0.43, B 0.44, C 0.44. Nikafurahi kwamba zinalingana, alafu nikamulika kwa tochi ya simu nikapata karibu hiyo hiyo. Volti ya fotodaiodi inapanda polepole sana mwanga ukiongezeka, ukizidisha mwanga mara kumi inasogea kidogo tu, kwahiyo haifai kupimia nguvu. Kinachofuata mwanga sawasawa ni mkondo. Nikaunga betri ya volti 9 kwa kinyume, yaani chanya ya betri kwenye kathodi (mguu hasi wa fotodaiodi), multimita kwenye miliampia, mambo yakanyooka.

Kosa la pili, fotodaiodi niliiweka sentimita 10 kutoka kwenye leza. Infraredi inayovuja haiendi nyembamba kama kijani, inapanuka haraka, na uso wa BPW34 ni kama milimita 2.7 kila upande, nyingi ilikuwa inapita pembeni. Nimeisogeza ikawa inagusa mdomo wa leza kabisa, usomaji wa C ukapanda zaidi ya mara mbili. Kupanuka huko ni habari njema kidogo kwa mtu aliye mbali, ila kwa anayechungulia tunduni haisaidii kitu.

Kutenganisha kijani na infraredi nimetumia kile kioo nilichokitoa kwenye kamera. Nasoma bila kioo, alafu nasoma kioo kikiwa katikati, tofauti ndo infraredi. Kwa C: bila kioo miliampia 11.4, na kioo 0.9. Tofauti 10.5. Fotodaiodi hii kwenye 808 inatoa kama ampia 0.6 kwa kila wati, kwahiyo infraredi ni kama miliwati 17. Kwa kijani uwezo wake ni kama nusu ya hapo, yaani kijani ni kama miliwati 3. Ni makadirio, siwezi kuyaita vipimo vya maabara, na yale ya 1064 yamehesabiwa pungufu kwa sababu niliyosema ya silikoni. Kibandiko cha C kinasema chini ya miliwati 5, na kwa kijani peke yake kinasema kweli.

B imetoka miliwati 4 hivi za infraredi. A chini ya nusu miliwati.

Masaa 6 kwa siku mbili.

Tar 20 Machi: friji

Hii hatua sikuipanga. Nilikumbuka kwamba usiku wa baridi A nayo huwa inafifia tukiwa nje, huwa tunaipasha kwenye kiganja. Nikaiweka kwenye friji dakika 20, nikaitoa nikaipima, usomaji unarukaruka hauna maana. Ilikuwa umande, kioo cha mbele kimepata ukungu. Nikarudia, safari hii ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na vipakiti vya kukausha unyevu, na kipimo nimefanya haraka.

A ya baridi: kijani karibu kimekufa. Doa la 5.8 limekuwa kubwa kama la B, na kwa mkondo infraredi imepanda kutoka chini ya nusu miliwati mpaka karibu 5.

Sababu ni kwamba daiodi ikipoa wimbi lake linafupika, kama nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 25 mpaka 5 ni nanomita 6. Fuwele inameza vizuri karibu na 808 tu, ikiletewa 802 inaiacha ipite. Haimezi, haitoi 1064, hakuna kijani, na ile infraredi yote isiyomezwa inatoka nje mbele. Kwahiyo kile kijani kinapofifia usiku wa baridi ndo saa hiyo hiyo inavuja zaidi, na ndo saa ambayo mtu anaigeuza kuangalia imepatwa na nini. Tumefanya hivyo mimi na watoto wa ndugu zangu miaka, tukipasiana leza iliyofifia gizani mboni zetu zikiwa zimepanuka kabisa kwa ajili ya nyota.

Lile neno safi nililoiandikia A kwenye daftari tarehe 5 nimelifuta.

Tar 22 Machi: miwani

Nina miwani miwili ya plastiki nyekundu iliyokuja kama zawadi na leza B, imeandikwa kinga ya leza. Nimemulika kijani kupitia kioo chake, kijani kimekufa kabisa, ungesema kazi imekwisha. Nikaiweka mbele ya kamera nikabonyeza rimoti, rimoti inawaka kana kwamba hamna kitu mbele. Nikaiweka kwenye sanduku na leza C, fotodaiodi inasoma miliampia 9.6. Maana yake ukivaa hiyo unazuia kile mwanga pekee ambao ungekufanya upepese, na ule mwingine unaingia. Miwani ya jua ni hivyo hivyo na mboni zinapanuka nyuma yake.

Miwani ya kweli inaandikwa urefu wa mawimbi inayozuia na kiwango chake, OD 4 maana yake inapitisha sehemu moja katika elfu kumi, na ya viwango vya Ulaya ina alama ya EN 207. Kwa leza hizi namba tatu zote lazima ziwepo, 532 na 808 na 1064. Ile miwili nimeikata katikati kwa mkasi nikatupa, sikutaka mtu aiokote aiamini.

Tar 27 Machi: kuweka kioo kilichokosekana

Kile kioo cha kamera ndo kitu hasa kilichotakiwa kuwepo kwenye leza tangu mwanzo. Kina upana wa milimita 8, mdomo wa leza C ni milimita 5. Nikakibandika na gundi kali ya haraka, asubuhi nikakuta kioo kizima kina utando mweupe, mvuke wa ile gundi umeganda juu yake, na kijani kinatawanyika kila upande. Nililoweka kwenye asetoni kikatoka kizima, kusafisha kumechukua saa nzima.

Mara ya pili: pete ya mpira nyembamba, kioo, pete nyingine, alafu gundi ya epoksi ya kuchanganya kwenye ukingo wa nje tu, nikaacha siku nzima. Kioo kikae sawa na mdomo, kikilala sana upande uwezo wa kuzuia unahama.

Usomaji wa C sasa: miliampia 0.9. Kwa kamera doa la 5.8 halipo. Nimeiweka kwenye friji ndani ya mfuko kama A, kijani kimezimika, na usomaji umeshuka nao mpaka 0.05. Kamera yenye filamu juu yake haionyeshi doa kokote, si 5.8 wala 8.9.

Tar 30 Machi

A na B zimetolewa betri na zimefungwa kwenye kopo, zinasubiri vioo. Nimepata kamera nyingine mbovu, sensa yake haifanyi kazi ila kichujio ni kizima, hicho kitakwenda kwa A. Cha B bado natafuta.

Mpwa wangu amekuja leo. Leza sikumpa, hata ikiwa na kioo kijani chake bado si cha mtoto. Nilimpa kamera na sanduku lililofungwa, nimewasha B mwenyewe kwa waya, akaangalia kwenye skrini. Akaniuliza lile doa jeupe ni nini, nikamwambia ndo ule mwanga uliotaka kuuchungulia kwenye C, ila ule ulikuwa mara nne ya huu. Akachukua simu yake akaelekeza kupitia kitundu cha kamera, akaona nukta za kijani peke yake, akarudi kwenye skrini, akarudi kwenye simu. Kisha akaniuliza kama leza ya rafiki yake wa shule nayo anaweza kuileta tuipime. Jumamosi ijayo wanakuja nayo, matokeo yake nitaongeza hapa chini kama D.